Ekra ya Harusi ya Sumaya

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa chumba cha kushonea cha Mama Sumaya, njia ya kushukia bandarini hapa Rumonge, Burundi. Ziwa unaliona kipande tu, katikati ya stoo ya mawese na nyumba ya bati jekundu, lakini harufu ya ndagala, dagaa wa hapa, wanaoanikwa unaipata yote. Mimi ni Aruna, mpika kahawa. Wateja wangu wa kila siku ni watatu, na sijawahi kuwasikia wakikubaliana hata kuhusu leo ni siku gani. Kuna Branshema, jina lake la kweli Djibril, fundi wa simu na redio. Mpelekee kitu chochote kibovu, atakwambia shida ni branshema tu, waya haukukamata vizuri. Kuna Direkta, mzee Wenceslaus, aliyekaa ukimbizini Tanzania miaka ishirini na minne, akafundisha huko, akarudi na Kiswahili cha kutusahihisha. Halafu kuna Kapita, yaani Assumani, aliyekuwa mkubwa wa mizigo kwenye boti za mawese za kwenda Kigoma mpaka mgongo ukakataa. Kapita bado anavaa saa yake ya enzi za boti. Inatangulia saa nzima na hataki kuirekebisha. Akikutajia saa, unatoa moja.

Jumamosi ile hatukuwa na ubishi wa kupoteza muda. Sumaya, binti pekee wa Mama Sumaya, alikuwa anaolewa Ujiji, upande wa Tanzania, saa tisa mchana. Mama alitakiwa awe huko. Lakini wiki mbili kabla aliteleza kwenye mawe ya bandarini, na sasa mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta mpaka gotini. Daktari alisema boti hapana, gari hapana. Mama alilia siku moja, halafu akafuta uso.

"Kama siwezi kufika," akasema, "basi nione. Nimuone mwanangu akiolewa, na nimpe radhi yangu tukiangaliana."

Angeweza kuona kwa simu yake, na mambo yangeishia hapo. Lakini alilisema neno hilo mbele ya Branshema.

Branshema: Kwa simu? Harusi ya mutoto mumoja, uangalie kwa ka simu? Ngoja, Mama Sumaya.

Akaondoka, akarudi na mkokoteni. Juu yake alikuwa amefunika kwa shuka kompyuta moja, ya zile ambazo kioo na mashine ni mwili mmoja, pana kama sinia la pilau ya watu kumi. Aliipata kwenye ofisi moja iliyofungwa. Wenye ofisi walitoa diski ya ndani kabla ya kuiachia, kwa hiyo haikuwa na kumbukumbu yoyote, ilibaki kioo na heshima yake. Chini ya kwapa alibeba laptopu iliyokanyagwa na mtu wa kwao, kioo chote kimekuwa utando wa buibui.

Branshema: Muangalie. Hii laptopu iko na akili, haina uso. Hii kubwa iko na uso, haina akili. Naziunganisha kwa kabo, ile kubwa inakuwa ekra, kioo cha ile ndogo. Basi.

Direkta: Kwa hiyo leo tuna ndoa mbili.

Mama Sumaya alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha kushonea, mguu wenye plasta juu ya stuli. Alishavaa nguo ya harusi, ya rangi ya zambarau, aliyojishonea mwenyewe kabla ya kuanguka. Mikono aliipaka hina. Sikuweza kumtazama muda mrefu, alivyokuwa amejipamba kwa ajili ya kukaa mlangoni.

Ikawa laptopu inataka rezo, yaani mtandao. Mega zote za intaneti za siku hiyo zilikuwa ndani ya simu ya Mama Sumaya. Branshema akaifungua ili igawie laptopu, akanipa mimi.

Branshema: Aruna, iweke kule juu ya mulango, ndiyo rezo inakamata. Na uiweke kimya. Saa tisa siye tutapigia Sumaya kwa laptopu, mutu mwengine akipiga itatuvuruga.

Nikaiweka kimya, nikaipandisha juu ya fremu ya mlango. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu sana, na nasema hivyo kwa sababu ya yaliyokuja.

Branshema akachomeka ule waya wa kabo upande huu na upande huu. Akawasha. Kioo kikubwa kikawaka, kikatoa mstari mmoja wa maandishi meupe, kikazima. Tukapiga makofi.

Mama Sumaya: Ndiyo harusi hiyo?

Direkta: Bado. Ni maandishi. Imesema haijaona kitu cha kuanzia.

Mama Sumaya: Nayo inangoja saa tisa?

Branshema: Ni branshema tu, mama. Kabo haijaingia sawa.

Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Giza. Akapuliza kwa nguvu zaidi. Giza lilelile, sasa na mate.

Kapita: Hiyo shimo ni ya kutokea.

Branshema: Unasema nini?

Kapita: Nasema iko ya kutoa picha, haiko ya kuingiza. Kwa boti tulikuwa na pompo ya maji. Huku inavuta, huku inatoa. Ukifunga mupira kwenye ile ya kutoa, hata mwaka muzima, maji haiingie.

Direkta: Assumani, hii ni kompyuta. Si boti ya mawese.

Kapita: Miye nasema tu.

Direkta: Ndiyo shida yako, kusema tu. Sikilizeni. Hii mashine kubwa ilikuwa ya ofisi. Umeona vitufe vyake? Ni vya Kifaransa. Laptopu ni ya Dubai, ni ya Kiingereza. Moja inasema bonjour, nyingine haijibu. Ningekuwa mimi nisingejibu pia.

Branshema akaifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akabadilisha lugha ya laptopu. Kwa kuwa kioo chake kilikuwa kimevunjika, alikuwa anabonyeza kwa kubahatisha, na mpaka leo hatujui aliipeleka lugha gani.

Giza.

Branshema: Basi ni unyevu. Ziwa imepanda hii miaka, maji iko karibu. Mashini imekunywa hewa ya ziwa.

Nikaombwa jiko langu. Nikaondoa birika, tukalisogeza jiko nyuma ya kompyuta ili ikauke. Mama Sumaya akatoa vipande vya kitambaa tukaifuta mbele, nyuma na masikioni, kama ina masikio. Ilitoa harufu ya plastiki yenye joto. Kahawa ikapoa, watu wakanilaumu mimi.

Kapita: Imekauka. Lakini shimo bado ni ya kutokea.

Direkta: Jamani, huyu mtu! Tatizo ni kubwa kuliko shimo. Mashine hii imefanya kazi ofisini miaka mingapi? Haijawahi kuonyesha kitu bila mkubwa kuidhinisha. Leo unailetea picha za harusi, tena za nchi nyingine, bila barua. Itaonyeshaje?

Branshema: Unasema inangoja sahihi?

Direkta: Sahihi na muhuri.

Walinigeukia mimi, kama mwenye jiko ndiye mwenye mihuri. Nikawaambia sina. Direkta akasema tujaribu angalau kuizungumzia kwa adabu. Akakohoa, akaisalimia kwa Kifaransa. Nilimimina kahawa nikitazama chini ili nisicheke mbele ya mama aliyevaa zambarau.

Kapita akanyanyua mkono, akaangalia saa yake.

Kapita: Saa tisa kamili. Harusi imeanza.

Mama Sumaya akashtuka, akashika moyo. Plasta ikagonga stuli.

Branshema: Toa moja, wewe! Unamuogopesha mama bure.

Direkta: Ni saa nane, Mama Sumaya. Tulia. Tuna saa nzima.

Mama Sumaya: Uniue kwa presha, Kapita? Siku ya mwanangu?

Kapita: Unisamehe, mama.

Tukamcheka vizuri. Hata mimi nilicheka, nikasema saa ile itakuja kuzikwa naye. Kapita alishusha mkono wa shati juu yake na kunywa kahawa yake.

Saa nzima tuliyokuwa nayo tuliitumia hivi. Tuliinyanyua kompyuta watu watatu, tukaigeuza iangalie Nyanza-Lac, kwa sababu Branshema alisema Ujiji iko upande huo na picha haiwezi kukata kona. Tukaipandisha juu ya meza ya kushonea. Tukaishusha. Branshema akaifungua nyuma, akatoa skrubu nane, akarudisha saba. Direkta alisema ile iliyobaki ndiyo iliyokuwa inazuia. Kila mara tukimaliza jambo, Mama Sumaya alijitengeneza ushungi na kuinua kidevu, kwa sababu aliambiwa mwanawe naye atamuona. Kila mara kioo kilitupa sura zetu sisi wenyewe, nyeusi, zimepangana kwenye benchi.

Hapo ndipo alipofika Anita. Hatukuwa tunamjua. Alishuka kutoka Bugarama na mfuko wa kitambaa cha sare ya kwaya, anatafuta fundi wa kushona.

Anita: Amahoro. Ni hapa wanashona?

Mama Sumaya: Ni hapa, mwanangu, lakini leo sishoni. Kaa unywe kahawa.

Akakaa pembeni, palipo na tofali. Nikampa kikombe. Akatutazama, watu watano tumekikodolea macho kioo kisicho na kitu.

Anita: Muko munaangalia nini?

Branshema: Harusi.

Akakitazama kioo kwa heshima. Akanywa. Akakitazama tena.

Anita: Imeisha?

Direkta: Haijaanza, dada. Binti wa mama huyu anaolewa Ujiji saa tisa. Sasa ni saa tisa kasoro robo.

Anita: Ni saa tisa ya wapi?

Nilikuwa namimina. Niliendelea kumimina mpaka kahawa ikajaa kwenye sahani.

Anita: Nauliza kwa sababu dada yangu iko Kasulu. Akiniambia atapiga saa tisa, miye hapa naingojea saa nane. Kule wako mbele saa moja.

Direkta alifundisha kule miaka ishirini na minne, kengele yake ya shule ililia kwa saa ya kule. Branshema kila siku anapanga saa za simu zinazotoka Kigoma. Kapita akapandisha taratibu mkono wa shati, akaiangalia saa yake, akaifunika tena. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Mama Sumaya: Direkta. Anasema nini huyu mutoto?

Direkta akaanza kuhesabu saa kwa vidole.

Mama Sumaya: Aruna. Nipe simu yangu.

Nikapanda kwenye stuli nyingine, nikaishusha. Kwenye kioo kulikuwa na simu kumi na mbili zisizopokelewa. Zote za Sumaya. Ya kwanza ilipigwa saa nane kasoro dakika tano za hapa, ya mwisho dakika chache tu zilizopita. Niliona aibu ambayo sijui niisemeje. Mimi ndiye niliyeiweka kimya.

Mama Sumaya akaanza kuzihesabu zile simu moja moja. Alikuwa bado anahesabu wakati simu ilipowaka tena mkononi mwake, bila sauti. Ilikuwa simu ya picha, lakini yeye aliiweka sikioni kama alivyozoea miaka yote, kwa hiyo kule Ujiji waliona sikio lake na ukingo wa ushungi wa zambarau.

Tulisikia wote, maana Sumaya alikuwa anasema kwa nguvu na kilio.

"Mama! Nikaha imepita, mama. Nilimwomba shehe angoje, akangoja nusu saa, akasema ana nyingine hapo Mwanga mjini. Baba mudogo akaniozesha. Sasa gari iko mulangoni, wananivuta nitoke. Nimesema sitoki. Sitoki bila radhi yako."

Mama Sumaya alifumba macho. Machozi yalimtoka yakapita kwenye hina za vidole alivyoshikia simu.

"Nimekuridhia, mwanangu," akasema. "Nimekuridhia tangu ukiwa tumboni. Mungu akuweke na akuhifadhi. Toka sasa, usiwachoshe watu. Toka na mguu wa kulia."

"Mama, toa simu kwenye sikio. Nataka nikuone."

Akaitoa, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Kutoka benchini tulikiona kioo chake kutoka ubavuni, kidogo, na ndani kitu cheupe kinachotikisika. Hatukuinuka. Hakuna aliyethubutu kwenda kuangalia.

"Nakuona," akasema Mama Sumaya. "Nakuona vizuri sana. Nani alikupaka wanja? Amekupaka vizuri."

Wakaangaliana hivyo kwa muda. Nyuma yetu Branshema alichomoa kabo, polepole, akaanza kuizungusha mkononi. Anita aliukumbatia mfuko wake wa kitambaa kama aliyevunja kitu cha watu. Halafu Sumaya akasema jambo kwa sauti ya chini, hatukulisikia, na mama yake akageuza uso akatutazama mmoja mmoja, kuanzia Direkta, Kapita, Branshema, mpaka kunifikia mimi.

"Mutoto anauliza," akasema, "saa ile tulikuwa wapi?"

Direkta akaangalia ziwa, kipande kile tunachokiona. Kapita akaangalia viatu vyake. Nikachukua birika niwaongezee kahawa, ili mikono ipate la kufanya. Birika ilikuwa tupu.