Aliyetanguliza Miguu

Ndani ya basi dogo la Ibadan, mbele yangu, binti alipakata kichanga. Muuza vitambaa aliyeketi kando yake akauliza jina.

"Tunampa kesho, mama. Alizaliwa akitanguliza miguu, kwa hiyo bibi yake anataka aitwe Ige, kama wote wanaozaliwa hivyo. Mimi sitaki. Litanikumbusha nilivyokaribia kufa."

"Mwanangu, jina hilo amekuja nalo mwenyewe. Mimi pia ni Ige. Mama yangu alikaribia kufa, lakini kila akiniita alicheka: 'Wewe hata kuzaliwa ulikuja umesimama!'"

Binti akacheka, machozi yakimlenga. Yule mama akafunika miguu ya mtoto kwa kitambaa kipya, cha biashara. Nikajifanya nachungulia dirishani.

"Chukua. Hata ukimwita jina jingine, ni chake."

Basi likasimama, muuza vitambaa akashuka. Binti akamwinamia mtoto, akajaribu polepole: "Ige?"