Mfuko wa Mchanga Haukugusa Chini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi wa karibu na mlango sijawasikia. Asifiwe tena! Mniwie radhi, sijazoea kusimama hapa mbele. Mimi ni mtu wa hofu, na hofu hiyo ndiyo nataka kuisema leo.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Gloire wa mtaa wa Katoyi. Nilizaliwa kwenye milima ya Masisi. Kule tunabeba kwa mgongo, kamba inapita kwenye paji la uso, na mama yangu alinifundisha neno moja: usishushe mzigo njiani, maana ukishashusha, nani atakutwika tena? Vita vilipotufukuza nilitembea hivyo mpaka kambi ya wakimbizi Mugunga, vyombo vyote mgongoni. Sikushusha. Walioshusha walifika mikono mitupu. Basi nikaamini kwamba anayeshusha amekwisha.

Hata nilipoolewa niliendelea hivyo. Mume wangu, Papa Gloire, alikuwa dereva wa pikipiki. Akaanguka nayo kwenye mawe ya volkano, mguu wa kushoto ukavunjika, na ulipopona akabaki anachechemea. Tangu hapo nikachukua kila kitu. Maji mimi, makaa mimi, soko mimi. Akinyoosha mkono ashike bidoni ya maji, mimi nimeshaibeba. Nilidhani ni upendo! Kumbe ni hofu iliyovaa kitenge cha upendo.

Muganga wa hospitali alimwambia afanye mazoezi, naye akaanza kwenda kwenye ukumbi mmoja Keshero. Siku moja akarudi anacheka. Tangu aanguke sikuwa nimemwona akicheka! Akasema ametuandikisha kwenye mashindano ya wawili wawili. Yote yanafanyika ndani ya ukumbi. Mnakimbia raundi pamoja, halafu mnakuta kazi: kusukuma toroli la chuma, kuvuta kamba nzito, kubeba bidoni, na mwisho mfuko wa mchanga mabegani. Kukimbia ni kwa pamoja, lakini kazi mnagawana. Mmoja akifanya, mwenzake anapumua.

Ndugu zangu, siku ile nilimwaibisha mume wangu! Toroli nilisukuma mimi. Kamba nilivuta mimi. Akiniambia "Leta," najibu "Bado." Kila nilipoangalia mguu wake nilimwona ameshaanguka. Kwenye mfuko wa mchanga magoti yakanikatalia, nikatembea kama mlevi, lakini sikushusha. Tulimaliza karibu na mkia. Watu wakanipigia makofi mimi, na Papa Gloire amesimama pembeni, mikono haina hata vumbi.

Kochi, yule mwalimu wa mazoezi ukumbini, akatuambia, "Batu babili njo baliandikwa. Miye niliona mutu moja tu."

Tulipofika nyumbani, mume wangu hakupandisha sauti. Alisema, "Mama Gloire, kama hapa hakuna kazi yangu, nitaenda kwa machimbo kule Masisi. Kule hata mutu wa mguu mubaya banamupatia kazi." Kisha akatundika begi lake la bluu kwenye msumari wa mlangoni.

Lile begi! Kila asubuhi, kabla sijasalimia mtu, nililishika kuona kama limejaa. Akichelewa kidogo kurudi, natoka nje kuangalia barabara. Mlango ukilia, nashtuka. Siku moja nikakuta mashati mawili ndani yake, nikakaa chini sakafuni.

Nikafunga. Nikaomba. Nikaja humu ndani kuimba kwamba mizigo yangu yote nimempa Bwana. Uongo mtupu! Mume ninayemwona nimeshindwa kumpa bidoni moja, Mungu nisiyemwona nilimpa nini? Swali hilo lilinishika nikiwa nafua, mikono ndani ya povu, nikalia. Nikamfuata Papa Gloire, nikamwomba turudi kwenye mashindano.

"Na utaniachia kazi?" akauliza.

"Nitajaribu, papa."

"Hapana kujaribu. Nikisema shusha, unashusha."

Kochi akatufundisha kubadilishana kabla ya kuchoka, hatua kumi mmoja, hatua kumi mwenzake. Anayengoja achoke ameshachelewa, alisema. Wepesi wa kusema! Kila nilipoachia, nilihesabu hatua za mume wangu kwa sauti kama mtoto wa shule, jasho la hofu likinitoka kuliko la kazi.

Siku ikafika. Tulianza vizuri. Lakini kwenye toroli mguu wake ukateleza, akapiga goti chini. Nikamrukia. Akanyoosha mkono kunizuia. "Acha. Nitaamuka." Na akaamka, akasukuma mpaka mstarini.

Mimi ndani nilikuwa nimeshavunjika. Tulipofika kwenye mfuko wa mchanga niliunyakua, nikasema moyoni huu naufikisha mwenyewe. Hatua kumi zikapita. Kumi na tano. Ishirini.

"Shusha."

Nikaendelea. Shingo inawaka, macho yanaona giza, na ile sauti ya mama inaniuliza: nani atakutwika tena?

"Mama Gloire, shusha. Niko hapa."

Ndugu zangu, nilifumba macho nikaachia. Nikangoja kusikia mfuko ukianguka. Haukuanguka! Haukugusa chini hata kidogo. Nilipofumbua macho ulikuwa mabegani mwa mume wangu, anaenda nao akichechemea, na mimi kando yake natembea sina kitu, nalia mbele za watu.

Hatukushinda, sitawadanganya. Tulikuwa wa katikati tu. Lakini saa ya kochi ilionyesha tumeondoa karibu robo saa kwenye muda wetu wa kwanza, na mguu wa mtu ni uleule!

Begi bado liko kwenye msumari, siku hizi linabeba viatu vyake vya mazoezi. Asubuhi nyingine bado mkono wangu unaligusa. Hofu haijahama yote. Lakini Mungu wangu ni mwaminifu, ananisemesha kila siku: shusha, niko hapa.

Kuna mama amekaa humu, shingo imekaza, anaogopa akiachia kila kitu kitavunjika. Mama yangu, mwamini Yeye. Anza na kidogo, mpe hata bidoni moja.

Nimemaliza. Papa Gloire, simama wakuone. Ndugu zangu, mmeona nimekuja hapa mbele mikono mitupu? Biblia yangu anayo yeye.