Alama Nne kwa Kumi

Ndani ya basi la kwenda mji wa Poperinge, Wannes alimfungulia daftari lake bikizee aliyeketi naye, maana mtu aliyekwisha kuonja bia za aina mia tatu hana sababu ya kunyamaza.

"Hii ya kiwanda kidogo cha hapa kijijini nimeipa nne kwa kumi, bibi. Ina tope!"

"Uliimimina yote?"

"Mpaka tone la mwisho."

"Hilo tope ni hamira, baba. Inalala chini ya chupa, unaiacha hukohuko."

Wannes akacheka. Wazee nao kwa ujuaji! "Kama ni hivyo, mbona hawakuandika kwenye chupa?"

Basi likasimama. Bibi akainuka, akakumbatia boksi lake la lebo mpya za chupa za bia.

"Niandike nini, kijana? Kwani samaki huandikwa kwamba ana miba?"