Kanesheni Zilizoyasikia Matufaha

Mnanitaka mimi nisimulie habari ya maua ya Verna, kana kwamba Delbert hana mdomo. Haya.

Mbele ya duka la mbegu, kule kwenye bonde la matufaha la Nova Scotia, Kanada, kuna benchi. Alhamisi asubuhi Verna Rafuse alifika pale na ndoo ya kanesheni nyeupe zilizojifunga kama ngumi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na maua yote mia mbili ya harusi, aliyoyalima kwa mikono yake, yalikuwa hivyo hivyo katika chumba chake cha baridi. Kahawa hakuigusa.

Shemeji yake Delbert, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akasema yamedekezwa mno.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, shemeji.

— Hayo ni maua, Redio. Kunywa unyamaze.

Orin, aitwaye Daktari kwa sababu ya semina ya wakulima ya siku mbili, alichana ua moja akainuka benchini. Akasema tunda likiiva hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo ni ujumbe. Kila seli, kile kichumba kidogo ambacho viumbe vyote vimejengwa nacho, ina vipokezi, yaani masikio yake. Hewa ikitua sikioni, seli imeshapata amri.

— Tunda likiisikia linaiva, dada Verna. Ua likiisikia linazeeka, linajifunga.

— Kwa hiyo yanasengenyana?

— Tena bila ulimi.

Redio naye akapandwa na jazba. Akadai ndiyo maana upara ulimwanza alipohamia karibu na ghala la matufaha. Daktari akasema huenda bonde zima linazeeshwa na matufaha, na mchungaji wa kanisa lao akiwemo. Wakawa wanarusha mikono hewani, hata Verna akajisahau, akacheka.

Ndipo Jolene, bibi harusi mwenyewe, akaegesha gari, akasikiliza kidogo.

— Bibi, si chumba chako ni cha maua tu? Matufaha yaliingiaje?

Redio, ambaye jokofu lake lilikufa Jumatatu na ufunguo wa chumba cha baridi cha shemeji yake anao, akatazama viatu vyake.

— Kreti sita tu, akasema mwishowe.

Verna hakumtukana. Aliingia dukani akatoka na mkasi, akamkabidhi Redio. Nyumbani kwa Redio kulikuwa na maua ya dalia arobaini, kubwa kama sahani; miaka kumi na moja alikuwa akiitafuta tuzo ya maonyesho ya wilaya bila kuipata, na waamuzi walikuwa wanapita kesho yake. Redio alizikata zote mwenyewe, moja moja, ziwe maua ya harusi, Verna akimshikia ndoo.