Mchezo Usisimame

Mbukwenyi, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote. Mwalimu amenihimiza mara tatu nisimame mbele yenu humu kanisani, na mara tatu nimemkimbia. Leo nimesimama. Jina la mtu sitalitaja, maana baadhi yenu mlikaa mbele yangu kwenye mkeka ule wa karata, nanyi mnajijua. Sikuja kumwumbua mtu. Nimekuja kujiumbua mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Haneti. Nilishuka hapa mwaka ule reli ilipofika Dodoma, nikitafuta hela za kodi kama vijana wengine. Miezi miwili nilibeba begani mataruma ya kulazia reli. Kisha msimamizi mmoja wa kazi, mgeni wa kutoka ng'ambo, akaniona nikipanga sahani, akasema mikono yangu ni myepesi. Akanitoa kwenye mataruma, akanifanya mtumishi wa hemani kwake.

Siku za mapumziko alicheza karata na wenzake, mchezo walioita poka. Kila mtu hupewa karata tano, akazificha. Anaweka dau, wenzake wanaongeza, na asiyetaka kuongeza huzitupa karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka. Mwenye karata bora, au mwenye uso mgumu kuliko wengine, huzoa fungu lote. Mimi nikafundishwa kugawa.

Ndugu zangu, nawaambia, katika maisha yangu sijafundishwa kitu kwa uangalifu namna ile. Nioge, nivae kanzu nyeupe, ninawe mikono kwa sabuni ya manukato. Karata ipite chini chini, mtu asione uso wake. Nianze na wa kushoto kwangu, moja moja, nisimruke mtu. Nisiseme karata ya fulani ni nzuri au mbaya. Nisimcheke aliyeshindwa, wala nisimpe pole. Mtu asiyecheza asisimame nyuma ya mchezaji. Mgawaji hana ndugu mkekani. Na juu ya yote hayo, mchezo usisimame. Karata zikikusanywa, changanya, zikichanganywa, zikatwe, zikikatwa, gawa. Anayekawia mwambie mara moja tu, kwa upole: "Ni zamu yako, bwana."

Nilimwuliza msimamizi kwa nini haraka yote hiyo. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Mtu akipumua, atakumbuka kwao."

Nililisikia neno lile vizuri. Msidhani sikulielewa.

Baadaye akaanzisha mkeka wa wafanyakazi wenyewe, nyuma ya ghala, chini ya turubai. Ulitandikwa Jumapili ya mshahara, asubuhi, saa kama hii ninyi mkiwa hapa mnaimba. Katika kila fungu sehemu ya msimamizi ilitengwa kwenye kopo, nami ndiye niliyeitenga. Sikuiba karata hata moja. Watu walinisifu, wakasema yule kijana wa Haneti ni mwaminifu, ana adabu, mkono wake hauna hila. Nami nilijificha ndani ya sifa hiyo kama kupe ndani ya sikio la ng'ombe.

Mtu mmoja aliweka blanketi lake, akashindwa, na ilikuwa miezi ya baridi. Nikasema, "Asante, bwana," nikamgeukia wa pili. Mwingine aliweka posho yake ya wiki nzima, unga na maharage, akaondoka akilamba midomo mikavu. Nikasema, "Asante, bwana." Na nilipenda. Hilo ndilo linalonichefua hata leo. Nilipenda kuona watu wazima, wenye wake na mifugo, wakingoja vidole vyangu.

Mwaka ule mvua ilikata mtama ukiwa bado wa magotini. Huko kwetu wakakaa kikao, wakampa mume wa dada yangu ng'ombe wawili aje awauze hapa, anunue nafaka, arudi. Akawauza vizuri. Kisha akaja kambini kunisalimu kabla ya kwenda kwa wauza mtama. Akanikuta kazini. Nikamwonyesha kwa kidevu akae, aningoje.

Alikaa. Mmoja wa wachezaji akamsogezea nafasi, akamweleza mchezo. Mara ya kwanza akashinda, wakampigapiga mgongoni. Mimi niliona. Ningeweza kusema nimechoka, tupumzike, nile. Neno moja tu. Lakini mchezo ulikuwa unakwenda vizuri.

Jua lilipofika juu alikuwa amebaki na fedha zisizofika nusu ya alizokuja nazo. Alizishika karata zake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kifaranga. Akaniangalia. Akaniuliza kwa Kigogo, polepole, afanyeje.

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Ni zamu yako, bwana."

Bwana. Mtu aliyenifundisha kukamua nikiwa mdogo, nikamwita bwana, kama mgeni aliyeshuka garimoshini. Akasukuma fedha zote katikati. Akashindwa. Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema, "Haya, shemeji." Akaenda. Nami nilikwisha kuanza kuchanganya.

Nikajiambia amerudi Haneti. Hakurudi. Angerudije?

Mwezi ulipita. Jumapili ya mshahara nikawa pale pale, kanzu nyeupe, mikono inanukia. Nikaona miguu ya mwanamke imesimama nyuma ya mchezaji mmoja, miguu ya vumbi, kisigino kimepasuka. Bila kuinua kichwa nikasema, "Mama, asiyecheza asisimame nyuma ya mchezaji."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba sikumtambua dada yangu. Nilimtambua kabla sijamaliza maneno yale. Nikayamalizia.

Alikuwa ametembea siku tatu, na mwanawe wa mwisho mgongoni. Hakupaza sauti. Akasema, "Mdogo wangu, mume wangu yuko wapi?"

Mchezaji mmoja akasema, "Gawa, tunangoja." Na mikono yangu ikagawa. Karata mbili zilitoka, dada yangu amesimama pale akitazama.

Akafungua kanga, akamshusha mtoto, akamketisha mkekani kati ya wachezaji. Tumbo lilikuwa kubwa, shingo kama bua, nywele zimegeuka nyekundu kwa njaa. Akasema, "Basi mgawie na huyu. Naye amecheza, ila hakuulizwa."

Yule mtoto akaokota karata iliyokuwa mbele yake, akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna.

Mmoja akacheka. Lakini wa kuchukiza kuliko wote siye aliyecheka. Mnajua wazo langu la kwanza lilikuwa lipi? Kwamba karata zimeharibika, moja ikipungua mchezo hauendi. Mtoto wa dada yangu anatafuna karatasi kwa njaa, na mimi nawaza kwamba mchezo hauendi.

Nikapeleka mkono nikaitoa mdomoni mwake. Hakutaka kuiachia. Alivuta, nami nikavuta. Ilipotoka ilikuwa imelowa mate, na harufu yake ilikuwa harufu ya sabuni yangu. Nikainuka, nikafika nyuma ya turubai, nikatapika mpaka nikatapika maji ya kijani. Niliporudi, watu walikuwa bado wamekaa. Walikuwa wananingoja nigawe.

Nikambeba mtoto, nikamwambia dada twende. Kopo, kanzu, kazi, vyote nikaviacha hapo. Siku ya pili msimamizi akanishtaki bomani kwamba nimetoroka kazini na kuharibu mali yake. Nikapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya watu. Wengine wenu mlikuwapo. Sitaki pole kwa hilo. Nilikwisha kuwapiga wengi kwa mikono laini.

Aliyetupokea ni mama mmoja mjane wa hapa mjini, Mwislamu, mshona magunia ya wauza nafaka. Alimpa mtoto uji kwa kijiko, kidogo kidogo, asije akafa kwa kushiba ghafla. Mimi nikapiga magoti, nikaanza kueleza makosa yangu. Akanikatiza. "Toba yako mpelekee Mungu. Mimi nataka mikono. Magunia haya yanatakiwa kesho."

Akanipa shazia, ile sindano nene ya magunia. Mgongo ulikuwa bado una vidonda, nikashona nimelala kifudifudi. Ujira alinilipa kwa mtama, nami kila nilipopata mzigo wa kutosha niliubeba hadi Haneti, kwa dada yangu aliyekwisha kurudi na mtoto, siku tatu kwenda na siku tatu kurudi. Vidole havikuacha uchafu wao upesi. Nikishika vipande vya gunia nilijikuta navichanganya, navikata, navipanga kushoto kwenda kulia. Mama yule alikuwa akinichapa kwa ubao wake wa kupimia, kisha anaendelea kushona.

Shemeji nilimpata baada ya kiangazi, mbele huko reli ilikoelekea, anaponda kokoto. Nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "Fedha nilizisukuma mimi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Lakini uliniuliza, nami nilikujibu kama mgeni."

Akaponda mawe matatu, manne. Kisha akauliza, "Mtoto yupo?"

"Yupo. Anakimbia."

Akaweka nyundo chini, akaenda kuchukua mkeka wake wa kulalia, tukaondoka.

Namshukuru mama yule, ambaye hayuko humu kwa kuwa ana ibada yake, na angekuwapo angeniambia nimesema maneno mengi. Namshukuru Mwalimu, aliyekuja kukaa nami nikishona na hakunihubiria hata siku moja mpaka nilipomwuliza. Nawashukuru nyote mliopoteza mali mbele yangu na bado mnanipa mkono mlangoni. Dada yangu nimekwisha kumwomba radhi. Amesema bado anafikiri. Afikiri. Simharakishi.

Neno langu ni hili. Mtu mbaya anayekutukana utamwona. Mwogope mwenye adabu anayekuharakisha. Ukiona jambo linakwenda mbio na anayeliendesha anakuita bwana, weka chini ulichoshika, uondoke kabla ya zamu yako, hata wakicheka.

Jumamosi mshahara unatoka. Mkeka bado upo, na nimesikia mgawaji mpya ni mpole kuliko mimi. Mwenye kuhisi miguu yake inamvuta kule, aje kwangu Jumapili kabla ya ibada. Magunia yapo mengi, na nimenunua shazia ya pili.