Leonila Sumagaysay: Muuguzi Aliyejifunza Kumkatalia Daktari

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, Leonila Sumagaysay atamaliza zamu yake ya mwisho katika Makao ya Wazee ya Tamarack Bend, Winnipeg, baada ya kutumikia kwa miaka ishirini na tatu. Mitatu ya mwanzo na ushee alikuwa mhudumu. Iliyobaki amekuwa muuguzi, na tangu 2014 muuguzi mkuu wa ghorofa ya pili. Wafilipino, ambao hapa ni zaidi ya nusu ya wafanyakazi, humwita Ate Nila, yaani dada mkubwa. Sisi wengine tumeiga, hata tuliomzidi umri.

Yeye mwenyewe aliomba tuandike kuhusu bustani ya nyanya aliyoianzisha nyuma ya jengo. Bustani ipo, nyanya zake ni nzuri, na sasa tumeshaiandika. Makala haya yanahusu ile miaka mitatu ya mwanzo.

Alizaliwa Iloilo, Ufilipino, akasomea uuguzi hukohuko, na akafanya kazi miaka kumi na sita katika hospitali ya mkoa, mingi kati ya hiyo katika wodi ya wazazi. Alipohamia Winnipeg mwaka 2002 pamoja na mumewe Rodel na watoto wao watatu, alikuwa na umri wa miaka arobaini. Rodel alipata kazi katika kiwanda cha mabasi. Leonila, aliyekuwa amezalisha akina mama wengi kuliko alivyoweza kukumbuka, alianza hapa kwa kuosha, kuvisha na kulisha wazee. Vyeti vyake vilikuwa halali. Havikuwa vimetambuliwa, na hilo ni jambo jingine.

Hakunung'unika. Wazee walipomuuliza zamani alifanya kazi gani, alijibu, "Hii hii, ila wagonjwa walikuwa wadogo zaidi."

Waliopitia njia ya kutambuliwa vyeti wanajua urefu wake. Chuo kinatakiwa kutuma rekodi chenyewe, hospitali ithibitishe miaka ya kazi, halafu kuna mtihani wa lugha, na mwisho mtihani wa vitendo, ambapo waigizaji hujifanya wagonjwa na madaktari huku mtahini akitazama. Leonila alivuka hatua zote hadi hiyo ya mwisho. Alifanya mtihani wa vitendo katika majira ya vuli ya 2005, akashindwa.

Alianguka katika chumba kimoja tu cha mtihani huo. Mwigizaji aliyevaa koti jeupe aliagiza mgonjwa apewe dawa ya usingizi, na dozi ilikuwa kubwa mno. Leonila aliliona kosa papo hapo. Akasema, "Ndiyo, Daktari," akasimama kando, akamngoja atoke ili amfuate. Iloilo ndivyo mambo yalivyokwenda. Daktari haambiwi hapana mbele ya mgonjwa. Unamfuata kwenye korido, unamuuliza kwa upole kama angependa kuangalia tena, naye anajifanya amekumbuka mwenyewe. Dozi inabadilishwa na hakuna aliyeaibika. Kwa njia hiyo alikuwa amewakinga wagonjwa wake miaka yote. Lakini mwigizaji hakutoka, na chumba cha mtihani hakikuwa na korido. Muda uliisha, mtahini akaandika kwamba amekubali agizo la hatari.

Bodi ya leseni ilimpa nafasi moja zaidi, mwezi Juni mwaka uliofuata. Akishindwa tena, miaka yake kumi na sita isingehesabiwa, na angelazimika kurudi chuoni kuanza upya, pamoja na vijana wa rika la mtoto wake wa kwanza.

Aliyejitolea kumfunza hakuwa mfanyakazi. Alikuwa Halvor Thorvaldson, mkazi wa ghorofa ya pili, mwenyeji wa Gimli, aliyekuwa mwamuzi wa hoki ya barafu hadi magoti yalipogoma. Alikuwa na miaka themanini na moja na sauti iliyofika jikoni bila simu. Aliposikia kisa kile alisema, "Nitafutieni koti jeupe. Nitakuwa daktari wake."

Koti halikupatikana, akavaa aproni ya mpishi. Kuanzia hapo, baada ya chakula cha mchana, katika mapumziko ya Leonila, alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi katikati ya ukumbi wa kulia.

"Nesi! Mgonjwa huyu apewe vidonge ishirini."

"Dokta, labda ungependa kuangalia tena?"

"Sipendi. Ishirini."

"Opo, Dokta," alijibu Leonila, ndiyo ya heshima ya kwao, kisha akaziba mdomo kwa kiganja na kucheka.

"Umeua tena," alisema Thorvaldson. "Wiki haijaisha, tayari una maiti watatu. Mimi nimetukanwa na wanaume wazima wenye vyuma miguuni na magongo mikononi. Wewe neno moja linakushinda?"

"Wewe ni mtu mzima, Babu. Kwetu mtu mzima hakatazwi."

"Haya, nimekuwa kijana. Vidonge ishirini."

Wakazi wengine walihamia meza za karibu wapate kuona nani anakufa leo. Majira yote ya baridi yalipita hivyo. Leonila alijua kila dozi, kila dalili, kila hatua. Neno lenyewe ndilo lililokataa kutoka.

Alhamisi moja ya mwezi Mei, siku mbili kabla ya harusi ya mjukuu wa Thorvaldson, Leonila alikuwa akimnyoa ndevu. Mzee alishika kifua. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Si kitu," alisema. "Na usimwambie nesi. Watanipeleka hospitali, na Jumamosi Solveig anaolewa."

"Babu, rangi yako imebadilika."

"Nimekuomba kitu kimoja. Mimi nimekufanyia vingapi?"

Njia ya zamani ilikuwepo, na mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema opo, akatoka, akamnong'oneza muuguzi wa zamu kwenye korido. Mzee angechukuliwa bila kujua aliyesema, na urafiki ungebaki. Leonila aliweka wembe chini.

"Hapana, Babu. Sitaficha. Namwita nesi sasa hivi, na nimetaka ulisikie kwangu."

"Nitakuchukia."

"Sawa. Nichukie ukiwa hai."

Alibonyeza kengele bila kumwachia mkono. Ulikuwa mshtuko wa moyo, na madaktari waliuwahi. Solveig aliolewa bila babu yake.

Thorvaldson aliporudi hakumsemesha. Aliomba anyolewe na mhudumu mwingine. Aproni ilirudishwa jikoni, na Leonila akawa anakula chakula chake cha mchana katika chumba cha wafanyakazi, kitabu mbele yake, akiendelea kujisomea peke yake. Wengi wetu tulidhani mambo yameishia hapo. Jioni ya kuamkia mtihani, mzee alimwita chumbani kwake. Mezani kulikuwa na kipande cha keki ya harusi.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua, Babu."

"Ile sauti uliyonikatalia nayo. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Kesho ni hiyo hiyo. Usiongeze kitu, usipunguze. Na ule hiyo keki, mimi wamenikataza sukari."

Safari hii daktari wa kuigiza alikuwa mwanamke, naye aliagiza dawa ya maumivu ambayo mgonjwa alikuwa ameshasema inamdhuru. Leonila anasimulia kwamba alishika kwanza ukingo wa kitanda. Kisha alisema, "Hapana, Daktari. Dawa hii inamdhuru mgonjwa huyu, na sitampa. Naomba tutafute nyingine pamoja."

Matokeo yalikuja Agosti. Alifaulu. Thorvaldson aliishi miaka miwili zaidi, na kila mgeni aliambiwa kwamba yeye ndiye aliyemfundisha nesi huyu kazi, ukiacha ile miaka kumi na sita.

Tangu wakati huo, kila muuguzi aliyefika hapa kutoka nje akingojea leseni, awe ametoka Cebu, Kerala au Lagos, ametumwa kwa Ate Nila. Huwapikia tambi kwanza. Wakishashiba, huvaa koti jeupe na kuwaamuru waue mtu. Jonalyn Bacaltos, atakayeshika nafasi yake kuanzia Jumatatu, alilia mara kadhaa kabla ya kuweza kumkatalia. "Alikuwa daktari mbaya mno," anasema Jonalyn. "Nikirudi nyumbani nilimsema kwa mume wangu hadi chakula kikapoa." Wengi waliopita mikononi mwake sasa wana leseni zao, na baadhi yao ndio wanaotuongoza.

Leseni ya uuguzi huhuishwa kila mwaka. Tulimuuliza kama ataendelea kuihuisha, maana wastaafu wengi hupenda ibaki. Alisema hapana, bila kuziba mdomo. "Mara ya kwanza ilikuwa mikononi mwa watu, waamue kunipa au kuninyima. Hii naiacha mwenyewe."

Ate Nila, tunakushukuru kwa wazee uliowatunza na kwa wauguzi uliotutengenezea. Uwe na afya, wewe na Rodel, mkiwa Iloilo wakati wa theluji na mkiwa nasi wakati wa joto. Ishi vizuri, dada. Umetuachia wodi yenye watu wanaoweza kusema hapana.