Kata Iliyoanzia kwa Kipa

Wapendwa mlioketi hapa, mama zetu, na vijana wenzangu wa timu. Mniwie radhi, nitasoma kwenye karatasi. Wanaonijua wanajua kwamba nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia. Kwa hiyo nimeyaandika nyumbani polepole, nikifuta na kurudia, ili leo yasipate pa kukimbilia. Mkiona nimenyamaza kidogo, msidhani nalia. Natafuta mstari.

Nimeombwa niseme habari ya ugonjwa ulionipata chuoni. Mvua zimeanza, tumesikia kwamba ng'ambo ya mpaka kipindupindu kimerudi, na sisi vijana wa hapa Mpemba tumepanga bonanza la mpira Jumamosi. Sitataja jina la mtu wala la chuo. Waliokuwepo watajijua, nao nawaheshimu.

Mimi ni mzaliwa wa Mbebe, kule milimani Ileje. Nilipomaliza darasa la saba baba alinileta chuo cha ufundi nisomee uashi. Wanachuo wengi walikuwa wa Tunduma mjini, wanaongea haraka, wanachanganya Kiswahili na Kibemba cha sokoni. Kiswahili changu kilikuwa na milima ndani yake. Nikisema neno, wananiigiza na kucheka, si kwa ubaya. Nikaacha kusema. Lakini nilikuwa na mikono mirefu, wakaniweka golini. Nikawa kipa wa chuo. Hata mabeki nilikuwa nawapanga kwa mikono, siwaiti. Walinizoea hivyo.

Timu yetu ilikuwa na desturi moja. Nahodha alikuwa na kata ya kibuyu, yenye mkono mrefu, aliyopewa na bibi yake. Kabla ya kila mechi, tukishapasha misuli, tunasimama duara. Nahodha anachota togwa kwenye ndoo, anampa kipa anywe kwanza. Kipa anampa beki, beki anampa mwenzake, hivyo hivyo mpaka kwa mshambuliaji wa mwisho. Kata moja, midomo yote. Asiyekunywa hachezi, maana wanasema amejitenga na wenzake.

Ndugu zangu, nawaambia, kwangu mimi kata ile haikuwa kinywaji. Kwa mtu asiyeweza kuongea, pale ndipo nilipokuwa mmoja wao bila kufungua mdomo ila kwa kunywa. Nilikuwa naisubiri kuliko mechi yenyewe.

Mwaka ule wa mvua nyingi kipindupindu kikaingia. Kwanza tulisikia kiko Zambia, halafu kiko Mbeya, halafu watu wakaanza kubebwa hapa hapa Tunduma. Malori yalipanga foleni kutoka mpakani kama kawaida, lakini mama lishe walikuwa wamefungiwa, na madereva walijipikia wenyewe chini ya matela. Bodaboda wakawa wanakataa abiria anayeshika tumbo. Bwana afya alikuja chuoni akatuambia tuchemshe maji na tunawe kwa sabuni. Alisema kwa haraka, akaondoka, maana alikuwa anaitwa kila upande.

Sasa mwaka huo zamu ya kuandaa kombe la vyuo ilikuwa ya kwetu. Timu za nje zingekuja, zilale madarasani, zitumie choo chetu, zile jikoni kwetu. Bwenini tukawa tunaongea hayo tu. Rafiki yangu, aliyelala kitanda cha juu yangu, alikuwa winga wetu wa kushoto, kijana wa wafugaji kutoka bondeni Momba. Yeye ndiye aliyeuliza, ikitokea mgeni mmoja anaharisha, choo kile kile tutakitumiaje. Mmoja wa mabeki akamjibu kwamba winga ana mbio, atawahi choo cha kijijini. Tulicheka, lakini kicheko kiliisha upesi, kila mtu akageukia ukuta wake.

Tukamtuma nahodha kwa mwalimu wa michezo aombe kombe lisogezwe. Alirudi na jibu kwamba wageni wameshaalikwa, na kila anayeogopa alete jezi yake ofisini.

Hakuna aliyepeleka. Mimi nilikaa naitazama yangu, ya kijani, yenye mikono mirefu. Niliwaza, nikiirudisha hii, hapa chuoni nitakuwa nani?

Siku ya mechi ya kwanza tukasimama duara. Niliogopa, lakini nilijipa moyo kwamba togwa inapikwa, inachemka jikoni, haina ubaya. Wote tulisema hivyo. Siku hiyo togwa ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Nahodha akafanya kama tulivyozoea: akachota maji kwenye kisima cha bondeni karibu na uwanja, akayamimina ndani ya ndoo, akakoroga. Kisha akanipa. Nikanywa. Nikampa beki. Kata ikazunguka.

Tulishinda. Siku iliyofuata nilikuwa karakana napanga matofali, nikasikia tumbo linanguruma bila maumivu. Nikaenda chooni. Nilipotoka nikarudi tena kabla sijafika mlangoni. Kilichotoka kilikuwa maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele. Halafu kutapika. Halafu miguu ikakaza misuli hadi nikaanguka pale kwenye mchanga. Nilijua ni nini. Kila mtu alijua, maana walisogea nyuma wote.

Aliyesogea mbele alikuwa winga. Alivuta mkokoteni wa matofali, akatandika magunia, akanipakia, akanisukuma barabarani hadi kambi ya wagonjwa. Njiani alikuwa ananisemesha ili nisilale. Alisema, "Kipa, usinifie kwenye mkokoteni. Watasema nimekugonga."

Mlangoni mwa kambi kulikuwa na gunia lililoloweshwa dawa, unakanyaga ndipo uingie. Ndani kulikuwa na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Sitaeleza zaidi, kuna watoto hapa. Nesi mmoja, mama wa makamo, alinichoma dripu, na nilipoanza kupata nguvu akaanza kuninywesha maji ya chumvi na sukari. Nikitapika, anasubiri kidogo, anarudi. Hakukasirika. Alisema tu, "Kunywa, mwanangu. Ukitapika, kunywa tena."

Kabla dripu yangu haijabadilishwa mara nyingi, wakamwingiza winga. Yule aliyenisukuma. Wakamlaza kitanda cha jirani. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua mchana kutwa. Ugonjwa ulimpeleka mbali kuliko mimi. Kuna wakati nesi alitafuta mshipa wake asiuone, akahamia mkono wa pili, akahamia mguuni, nami nilikuwa natazama kifua chake. Kinapanda. Kinakaa. Nangoja kiinuke tena. Ndugu zangu, nimedaka mikwaju mingi, lakini kungojea pumzi ya mtu sijawahi kuzoea.

Baba yake alikuja kutoka Momba na mabuti yake ya matope na fimbo ya ng'ombe. Hawakumruhusu kuingia. Alisimama nje ya kamba iliyozungushwa kambini, na kila aliyetoka alimuuliza swali moja: "Mwanangu anapumua?" Namshukuru Mungu kwamba jibu lilikuwa ndiyo kila mara, hata pale lilipokuwa ndiyo ya kubahatisha.

Nesi alituuliza tulikula nini mjini. Tukasema hatujaenda mjini. Akauliza tulikunywa nini. Nikasema togwa, tena ya kuchemka. Akauliza, "Na mliizimua kwa maji gani?"

 Maji yale sikuwa nimeyahesabu kuwa maji. Kwangu yalikuwa ni togwa. Akaniambia atamweleza bwana afya habari ya kisima kile akimpata, lakini mji mzima unamtafuta. Nikamuuliza mbona wenzetu wengine hawakuugua. Akasema si kila anayekunywa anaanguka, wengine wanaubeba tu na kuupeleka kwa mwingine. Neno hilo lilinikaa kichwani kuliko ugonjwa.

Nilipona. Winga naye akapona, lakini baba yake alimfunga kwenye pikipiki kwa kanga ili asidondoke, akaondoka naye kwenda Momba. Hakurudi tena chuoni. Kitanda cha juu yangu kikabaki mbao tupu.

Hapa ndipo nilipoanguka kweli. Mwili ulikuwa umepona, mimi sijapona. Ilisemwa kwamba mimi na winga tulikula mishikaki mpakani kwa siri, tukajiletea. Wenzangu hawakunipa mkono. Sahani yangu iliwekwa peke yake. Nilinawa mikono mpaka ikapasuka. Nikawa naogopa maji ya kikombe, naogopa kitasa cha mlango. Nilijaribu kumweleza nahodha habari ya kisima, maneno yakatoka nusu nusu. Alinijibu kwa upole, "Kaka, wote tulikunywa. Mbona mimi mzima?"  Nililijua jibu, mdomo ukafunga.

Fainali ikapangwa. Kipa wa akiba alikuwa ameumia kidole, kwa hiyo mwalimu wa michezo akanirudisha golini. Tukasimama duara. Ndoo ikaletwa, togwa nzito, na nikamwona nahodha anapanda kutoka bondeni na maji ya kisima kile kile. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anafuata alivyofundishwa na bibi yake. Akamimina, akakoroga, akachota, akaninyooshea kata.

Niliipokea. Ilikuwa imejaa. Nikatazama midomo ile yote iliyokuwa inaningoja mimi nianze, ili nayo ifuate. Kata inaanzia kwa kipa. Nikawaza kifua cha winga.

Nikasema, "Mimi siinywi. Na nyie naomba msinywe."

Mmoja akasema kipa wa Mbebe anaogopa maji kama paka. Kuna waliocheka. Nahodha akaniambia kwa sauti ya chini, "Unaikataa kata ya bibi yangu?"

Nikamwambia, "Naipenda kuliko unavyojua. Ila maji ya kisima hiki ndiyo yaliyonilaza mimi na winga. Sikwenda mjini. Nesi amesema wengine mnaubeba bila kuugua. Nikinywa nikakupa, na wewe ukampa huyu, kuna mmoja hapa hatapona. Sijui ni nani. Wewe unamjua?"

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema chuoni. Sauti ilitetemeka na milima yote ya Ileje ikasikika, na safari hii hakuna aliyeniigiza.

Mwalimu wa michezo akaniambia nivue jezi. Nikaivua, kata nikiihamisha mkono huu hadi ule. Nilibaki kifua wazi kwenye baridi, nikamkabidhi jezi mkononi. Nilidhani ndio mwisho. Kisha yule beki mwenye utani wa choo akavua yake. Akafuata mwingine. Wengine walisimama tu wakitazama chini, nami siwalaumu. Nahodha akachukua kata mikononi mwangu, akaimwaga togwa chini, akaiinamisha na ndoo nayo.

Fainali haikuchezwa siku ile. Niliitwa ofisini, nikakaa nje ya mlango nikingoja kufukuzwa. Lakini mkuu wa chuo aliniuliza habari ya kisima, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita bwana afya. Kisima kikatiwa dawa, kikafungwa. Kombe likasogezwa mpaka ugonjwa ulipoisha. Na mwalimu wa michezo, namheshimu kwa hili, alinirudishia jezi yangu ikiwa imefuliwa.

Siku ya fainali tulisimama duara kama zamani. Nahodha akaja na ile kata.  Safari hii ndoo ilikuwa na maji yenye harufu ya dawa, na mfukoni mwake kulikuwa na kipande cha sabuni. Akaniambia ninyooshe mikono. Akaninawisha kwa kata ya bibi yake, mimi kwanza, kisha beki, kisha mwingine, mpaka mshambuliaji wa mwisho. Kila mtu akanywa kwenye chupa yake. Desturi haikufa, iligeuka tu.

Mechi tulifungwa. Bao lilipita katikati ya miguu yangu. Nalisema hili msije mkadhani ushuhuda huu ni wa ushindi wa kombe.

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi. Namshukuru winga na mkokoteni wake. Juzi aliniletea salamu kwamba ameoa na anachunga. Namshukuru baba yake kwa kusimama nje ya kamba. Namshukuru nesi aliyesema kunywa tena, na nahodha aliyemwaga togwa wakati mimi nilikuwa na maneno tu.

Nililojifunza ni dogo. Ukiwa na hofu na una sababu yake, iseme, hata kama sauti inatetemeka. Mwenzako huenda anangoja mtu aanze. Na tukipenda kuwa wamoja, tusitafute umoja kwenye kikombe kimoja wakati wa ugonjwa.

Nimemaliza karatasi yangu. Nje pale mlangoni kuna ndoo ya maji yaliyotiwa dawa, kuna sabuni, na kuna kata. Naomba kabla ya chai mpite kwangu mmoja mmoja. Sitakuwa na la kusema zaidi. Nyoosheni mikono tu, mimi nitawamiminia.